Chumba Kisicho Kwenye Betri

Jumanne, 6 Mei

Mgao wa umeme tena. Saa sita kamili mchana, kama walivyotangaza. Kwa hili hawachelewi!

Kule mbele hata hawakujua. Taa ya sebuleni inapepesa mara moja, inveta ya sola inalia kidogo, betri inapokea, televisheni inaendelea palepale. Huku nyuma kwetu feni inasimama na pampu ya godoro la hewa la Mzee inanyamaza. Mngurumo wake nimeuzoea. Ukikatika tu nashtuka, hata nikiwa bafuni.

Nusu saa, hewa imekwisha. Mume wangu, aliyeijenga nyumba hii tofali kwa tofali, amelala juu ya mbao. Upande wake wa kulia hauna habari tangu kiharusi cha Machi. Nimemgeuza saa saba, saa tisa, saa kumi na moja. Mgongo wangu nao si wa msichana.

Nilipita sebuleni kuchukua maji. Mkwe, mke wa mwanangu, akauliza: kwani umeme umekatika?

Tangi lake la samaki lilikuwa linatoa mapovu. Samaki wanapata hewa.

Alhamisi, 8 Mei

Nesi wa kliniki amekuja kusafisha kidonda cha Mzee, pale chini ya mgongo. Wiki iliyopita kilikuwa kama kifungo cha shati. Leo kama kifuniko cha soda. Amesema godoro lisikose hewa, kikifika kwenye mfupa tutarudi wodini, na kwa hali yake wodini… Hakumalizia. Nami sikumsaidia kumalizia.

Sola ilifungwa Machi, Mzee akiwa hospitali. Boksi la betri lina nafasi sita. Sebule, jiko, geti, chumba cha mwanangu, chumba cha watoto, chumba cha kompyuta. Chumba cha baba mwenye nyumba hakimo! Umeme ukiwepo sote tuko sawa. Ukikatika ndipo unajua nani ni nani humu ndani.

Jumapili, 11 Mei

Nimesema. Mezani, mbele ya watoto. Nilimwambia mkwe kwamba aliyemwandikia fundi orodha ya betri alijua anachofanya, na samaki wake wanamshukuru. Akaweka kijiko chini. Mama, akasema, mimi sikuandika chochote, fundi alikuja nikiwa kwenye zamu kazini. Basi ni jini, nikamwambia.

Mwanangu alikuwa anatafuna tu. Mkurugenzi wa kutafuna! Mwishowe akasema fundi ana foleni ya kazi, tusubiri, kwa sasa Baba aletwe sebuleni. Nilipokwenda kumweleza, Mzee akatikisa kichwa. Hapana, akasema. Amebakiwa na maneno matatu: hapana, maji, na Mwalimu, yaani mimi. Anaona haya kunuka kidonda mbele ya wageni. Namwelewa.

Jumanne, 13 Mei

Nimevuta ekstensheni kutoka sebuleni, ikapita ukumbini hadi kitandani. Pampu hii inakula umeme kidogo kuliko taa ya barazani. Saa sita umeme ukakatika, na godoro likaendelea kunguruma! Nilikaa tu kulisikiliza.

Saa nane mkwe akachomeka pasi. Inveta ikapiga yowe, nyumba nzima ikazima. Watoto wakapiga kelele, televisheni hakuna, friji hakuna. Nilicheka peke yangu huku nyuma, Mungu anisamehe.

Walipoiwasha tena walichomoa pasi. Na ekstensheni yangu. Eti watoto wanajikwaa. Niliikuta mlangoni, imekunjwa vizuri kama zawadi.

Alhamisi, 15 Mei

Mawingu tangu jana. Paneli hazipati kitu, betri imeshuka hadi asilimia ishirini, wamezima kila kitu isipokuwa friji. Mkwe anakoroga maji ya tangi kwa mwiko ili samaki wasife. Kila robo saa!

Kidonda kimeanza kutoa maji.

Jumamosi, 17 Mei

Mwanangu na mkewe hawasemezani tangu Jumapili. Leo wamesemezana, na ukuta ni mwembamba. Mwanangu anamwambia: umenidhalilisha kwa baba yangu, kama aliyeandika ni wewe sema tu. Mkwe analia, anaapa kwa watoto wake.

Nilifurahi. Humu daftarini sina wa kumdanganya. Nilifurahi.

Fundi atakuja Jumanne. Jiko litatolewa, chumba chetu kiingie. Mwanangu amemwambia aje na karatasi yake ya orodha, tumjue mwandishi. Kwanza fundi anataka namba ya waranti ya betri. Nimesema nitaitafuta.

Jumatatu, 19 Mei

Waranti nimeipata kwenye droo ya kabati. Chini yake fomu ya fundi, nakala ya kaboni. Alhamisi, 13 Machi. Sehemu saba, sita zimetiwa alama. Ya saba, chumba cha nyuma, imepigwa mstari. Pembeni neno moja: hakitumiki.

Mwandiko wangu. Nimewafundisha watoto wa watu kuandika miaka thelathini na moja, nitaukana vipi?

Nimekumbuka yote. Asubuhi ile daktari alituambia tuwaite ndugu. Nilirudi mbio kuchukua shuka nyeupe, sikumwambia mtu ni za nini. Fundi alikuwa getini, nyumbani hakuna mtu. Akanipa kalamu, nikaandika harakaharaka aniache niende. Na hiki cha nyuma, Mama? akauliza. Nilikwisha kuamua kwamba yakitokea nitahamia kwa dada yangu. Nikaandika. Hakuna aliyenituma.

Siku ile nilishamzika. Yeye akarudi.

Nyani haoni kundule! Wiki nzima namnyooshea kidole mtoto wa watu. Nilikaa na karatasi mkononi mpaka chai ikapoa. Sasa iko humu, katikati ya kurasa. Kesho asubuhi nitamwambia mkwe.

Jumanne, 20 Mei

Sijamwambia.

Asubuhi amekuja mwenyewe na uji wa Mzee, macho mekundu. Mama, akasema, leo utajua si mimi. Hapo ndipo pa kusema. Nikamwambia uji una moto sana.

Mwanangu ameomba ruhusa kazini ili awepo. Nesi naye amepita mapema. Kifuniko cha soda hakitoshi tena kukipimia kidonda.

Saa kumi kasoro. Umeme hakuna, godoro limeshuka, nimemgeuza Mzee aelekee mlango. Fundi ameingia. Mlango wetu hauzibi sauti. Mwanangu anauliza, karatasi umekuja nayo? Fundi anasema ipo kwenye begi, ila hata bila karatasi anamkumbuka aliyeandika. Mama mmoja mtu mzima, alikuwa na haraka, ila mwandiko mzuri sana. Hivi yupo?

Yupo, nyuma ya mlango. Kama mtoto aliyetajwa jina darasani.

Nilidhani Mzee amesinzia. Amefungua macho. Kiharusi hakikugusa masikio yake. Hatazami mlango, ananitazama mimi, na mimi naandika ili nisimtazame.

Kandambili zinakuja ukumbini. Za mkwe. Anagonga kwa kucha, kidogo tu.

Mama, ananong'ona, nimewaambia umelala.

Mzee bado ananitazama.