Juzuu Iliyobaki Wazi

Tampere, Finland
Jumamosi asubuhi

Kwa Baba yangu, Mwalimu Bakari wa Pande,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Shikamoo, Baba. Nakuona ukiitikia marahaba huku unatafuta miwani, na Mama anakwambia ipo kichwani kwako. Goti linaendeleaje? Kile kikohozi cha Mama kimekwisha au bado anakificha? Mimi mzima, alhamdulillahi. Baridi imeanza kuondoka, ingawa bado natoka nyumbani nimevaa nguo tatu juu ya nguo na hakuna anayenicheka.

Najua utashangaa. Juzi tu tumeongea kwenye simu, ukaniambia mvua zinanyesha vizuri, leo tena karatasi? Baba, lipo jambo ambalo kila nikitaka kukwambia kwa mdomo najikuta nauliza habari za mbuzi. Mwaka mzima nimeuliza habari za mbuzi. Sasa nimeliandika, na Bi Zuhura, yule muuguzi wa Lindi aliyekuja huku kusoma, anarudi likizo na amekubali kukuletea mkononi. Ila nianze na kazi yangu, maana bila kazi kosa lenyewe halitaeleweka.

Uliwahi kuniuliza, "Mama, hiyo lugha mnayoitunga huko, watazungumza kina nani?" Wenzangu walikusikia kwenye simu siku hiyo, nikawatafsiria, wakacheka, baba gani anamwita binti yake mama! Nikawaambia nimebeba jina la mama yake mzazi, Bibi Somoe, kwa hiyo kwake mimi ni mama, ananiheshimu na kunigombeza kwa pamoja. Kuhusu swali lako, lugha yetu haizungumzwi. Ni ya kuiandikia kompyuta maagizo. Tuko sita tunaoitunga, na kazi yangu mimi ni sehemu ya kurudia, yaani namna ya kuiambia kompyuta ifanye jambo lilelile kwa vitu vingi.

Utasema hiyo nayo ni kazi ya kumlipa mtu? Subiri. Lugha nyingi za kompyuta zinarudia kwa kuhesabu: moja, mbili, tatu, na kila hesabu inapopanda kuna kitu kinabadilishwa. Lugha yetu imekataa mambo hayo. Kitu ukishakipa jina hakibadiliki tena. Ukitaka kipya, unatengeneza kipya, na cha zamani kinabaki kama kilivyo. Sasa utarudiaje kazi bila kubadilisha chochote? Watu wazima sita tumekaa wiki kwa wiki tukibishana juu ya sentensi moja tu ya kusemea hivyo, tena tukinuniana.

Nikamkumbuka Bibi. Alikuwa akikaa na ungo wake anasema, "Kwenye gunia hilo, kila korosho iliyo nzima, ibangue, tia humu." Wallahi Baba, sentensi tuliyokuwa tukiitafuta ndiyo hiyo! Unasema unatoa wapi, unataka zipi, unazifanya nini, na unachopata ni chombo kipya kilichojaa. Tofauti ni kwamba gunia letu sisi halipungui. Bibi angelipenda sana gunia hilo.

Wenzangu walitaka sentensi ianze na matokeo, korosho zilizobanguliwa kwanza, gunia baadaye. Nikawaambia mtu hawezi kubangua kitu ambacho hajaambiwa kiko wapi. Tukakutana kwenye kikao kikubwa, nikatetea, nikashinda. Kikumbuke hicho kikao, Baba, nitakirudia.

Ubishi wa pili ulikuja mwezi uliopita. Marta, mwenzangu ninayekaa naye meza moja, akasema, "Tukiandika 'kwa kila', msomaji ataelewa cha kwanza, halafu cha pili, halafu cha tatu. Lazima tufuate foleni." Nikasema si lazima. Akasema nionyeshe. Basi nikaenda ubaoni nikachora mkeka wetu wa barazani na lile sanduku lako la mbao.

Nikawaeleza hitima. Nikasema kwetu mtu akifariki tunamsomea Kurani yote, na wala hatusomi mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Msahafu umegawanywa juzuu thelathini, zimo sandukuni, na mimi nilikuwa mtoto wa kupitisha sanduku. Kila mtu anachukua ile ambayo mkono wake umeigusa. Mwenye juzuu ya tano hamsubiri mwenye ya nne. Wote wanasoma kwa pamoja, mwenye sauti nene, mwenye sauti nyembamba, mpaka baraza inavuma, na kabla wali haujaiva Kurani imetimia. Na aliyesoma juzuu ya mwisho hata akimaliza wa kwanza, juzuu yake sandukuni inakaa palepale pake pa mwisho. Nikawauliza, hapo foleni iko wapi?

Mzee Olavi, mkuu wetu, mtu wa maneno machache kama vile anayanunua, alisogea akautazama mkeka ule ubaoni. Akauliza, "Hilo mmelifanya tangu lini?" Nikamjibu sijui, mimi nimelikuta, na baba yangu amelikuta.

Tukaandika. Ilituchukua siku kadhaa. Kisha tukajaribu kwa picha za msitu zilizopigwa kutoka juu, nyingi hata sijui nikupe mfano gani, na kompyuta iangalie kila moja itoe zile zenye miti iliyoanguka. Kwa njia ya zamani tulikuwa tunaiwasha, tunakwenda kula, tunarudi, bado. Siku hiyo Marta aliweka maji ya chai jikoni, nami nikabonyeza. Baba, mwili ulinisisimka! Mashine iligawa picha kama unavyogawa juzuu, kila sehemu ikachukua yake, hakuna iliyomngoja mwenzake, na maji hayajachemka kazi imekwisha, kila jibu limekaa mahali pake. Nikajikuta nimesema Subhanallah kwa sauti kubwa. Marta akaniuliza maana yake, nikamwambia ni neno la mtu aliyeona kitu kikubwa kuliko yeye. Naye akalijaribu, akalisema vibaya, lakini alilisema kwa moyo.

Mimi nilikaa tu naangalia kioo cha kompyuta. Nilidhani nimekuja huku kujifunza, na kumbe nimekuja na kitu ambacho wakubwa wa huku wanakiangalia kwa kushangaa, nacho nilikibeba kichwani tangu nikiwa na miaka saba bila kujua kwamba nimebeba kitu.

Hapo ndipo Mzee Olavi akauliza swali. Aliliuliza kwa upole kabisa, kikombe mkononi. "Na mmoja akisema amemaliza, kumbe hajamaliza?"

Baba, nilitoka nje. Nilikwenda nikasimama kwenye ngazi, nimeshika chuma, machozi yananitoka.

Mwaka jana, hitima ya Bibi, ulinipigia simu asubuhi ukaniambia, "Mama, na wewe una juzuu yako. Ya kumi na saba. Isome huko huko uliko, nasi tunasoma hapa." Nilifurahi mno. Nilijifungia kwenye ngazi hizohizo, nikasoma kwenye simu. Suratul Anbiyaa nikaimaliza yote. Nimefungua Suratul Hajj, nimesoma aya mbili tatu, Marta akatoa kichwa mlangoni: kikao kimeanza, zamu yangu ya kuzungumza. Ni kile kikao nilichokwambia ukikumbuke. Nikafunga simu nikaenda kutetea gunia langu lianze mbele ya korosho.

Nilipotoka ukapiga. Nilisikia kabisa watu nyuma yako, na sufuria, na shangazi akiwaambia watoto wakae chini. Ukasema, "Mama, ishirini na tisa ziko sandukuni. Yako vipi?" Nami nikasema, "Tayari, Baba."

Tayari! Sijui neno lile lilitoka wapi. Ukasema, "Alhamdulillahi, thelathini zimetimia," ukaiweka simu katikati ya mkeka ili nami nisikie dua. Nilisikia yote. Ulipotaja jina la Bibi, ambalo ni jina langu, watu wakaitikia Amin, nami nikaitikia, huku najua Suratul Hajj haijakwisha kwenye simu ileile niliyoishika sikioni.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakukuwa na haja ya uongo. Desturi yako ni nini, Baba? Aliyezidiwa haaibishwi. Anaiacha juzuu wazi mkekani, na mwenzake aliyemaliza anaichukua anaiendeleza. Bibi hakujua kusoma, lakini ndiye aliyekuwa akizunguka na kuuliza, "Kuna iliyobaki wazi? Leteni, asaidiwe." Ningesema tu bado, mtu mmoja barazani angeimalizia kabla wali haujapakuliwa. Mimi niliifunga, nikaificha, kwenye hitima ya mwanamke huyohuyo aliyekuwa akiuliza.

Nilirudi ndani nikamjibu Mzee Olavi. Nilimwambia kwetu juzuu isiyokwisha inaachwa wazi ili ionekane, basi na kwenye lugha yetu sehemu iliyokwama ionekane imekwama, nyingine iichukue. Na neno "tayari" peke yake tusilikubali. Kila sehemu irudishe kazi yenyewe mkononi, na isiyo na cha kurudisha ihesabiwe kwamba haijamaliza. Akatikisa kichwa akakubali, akaandika. Hakujua natunga sheria ya kujihukumu mwenyewe.

Nimekosa, Baba. Nimekudanganya wewe, na watu wa baraza, na Bibi. Unigombeze, haki yako, na ukitaka kunigombeza kwa simu nitapokea. Naogopa kitu kimoja tu, kwamba kuanzia sasa nikikwambia nimekula, nimeswali, niko salama, utanyamaza kidogo kabla ya kuniamini.

Nisalimie Mama, umwambie dawa ya kikohozi nimempa Bi Zuhura, anywe, asiwagawie majirani. Shangazi wa Kilwa Kisiwani umwambie kanga aliyonipa ndiyo shuka langu la kuswalia. Kaka Shabani asalimiwe, na mjomba wa Kilangala na watu wake wote, na watoto wa chuo chako cha Kurani, hasa anayepitisha sanduku siku hizi.

Sasa angalia chini ya ukurasa huu. Nimebandika memori kadi, ile ndogo kama ukucha, itie kwenye redio yako ya mezani. Asubuhi ya leo nimetawadha, nimekaa, nimesoma juzuu ya kumi na saba, tangu bismillahi ya mwanzo mpaka neno la mwisho, na yote nimeirekodi. Ndani ya Suratul Hajj utasikia redio imenyamaza mara mbili. Usiipige, haijaharibika. Hapo ni penye sijda, nimesujudu.

Usikubali neno langu. Kaa na msahafu mkononi unisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza chuoni, na nikikosea herufi utaniambia, nitairudia yote. Ukiona iko sawa, ndipo uirudishe juzuu yangu sandukuni, na umwombee Bibi dua kwa mara nyingine.

Mwanao aliyebeba jina la mama yako,

Somoe