Tawi la Kushoto la Boksiwudi

4 Machi

Shikamoo baba,

Nyonga imeanza kutulia? Wajukuu hawakurukii kitandani? Huku hatujambo. Duka letu la kunyoa linaendelea, wateja wanakuulizia, na fundi viatu wa jirani ameapa hanyolewi mpaka urudi. Sasa anafanana na fagio.

Bonsai yako, ule mti wa boksiwudi uliodumazwa kwa mkasi na waya, ipo pale pale kibarazani ndani ya chungu chake. Nachomeka kidole kwenye udongo kwanza, ukiwa mkavu ndipo naumwagilia. Ila majani mapya yameuvuruga, nataka kuupunguza. Hukuwahi kunionyesha, kila ukishika mkasi ulinifukuza. Nifanyeje?

Na kaka anasema hutaki mazoezi ya mguu. Baba, daktari alisema wazi: ukitembea kabla ya Juni unarudi nyumbani, usipotembea unabaki huko kwa kaka moja kwa moja. Muuguzi si adui yako.

Binti yako

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, kuanzia kiunoni kwenda juu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nasikia nusu, na nusu iliyobaki najitungia.

Mti unautengeneza kama kichwa cha mtu anayekwenda kuoa. Ondoa kidogo, rudi nyuma hatua mbili, tazama. Ncha tu. Lile tawi la kushoto, lililolala kufuata ukingo wa chungu, lishike kwa adabu. Nimelifunga waya lilale hivyo, na kulifungua, miaka ishirini na sita, tangu nilipoung'oa mti huo kwenye ua wa shule iliyokuwa inabomolewa, mama yako akiwa na mimba yako.

Muuguzi ananiambia "inua mguu" kana kwamba ni mguu wake. Nitainua nikitaka. Wewe niambie habari za mti, ndizo ninazosubiri.

Baba yako

20 Machi

Shikamoo baba,

Tumeamka salama, nawe natumaini hivyo hivyo. Nimeupunguza. Umependeza, hata fundi viatu kausifu. Tawi la kushoto liko salama. Fanya mazoezi.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kumbe mkono unao!

Nikwambie ukweli, nilikuwa nalala vibaya nikidhani mti utakufa nisiporudi. Sasa roho imetulia. Uchukue, uwe wako, na duka pia. Kaka yako amenipa chumba chenye dirisha kubwa, na chai inaletwa. Hata yale mazoezi machache nimeacha. Muuguzi nimemwambia aende kwa wenye safari.

Baba yako

9 Aprili

Shikamoo baba,

Leo nakuuliza hali kwa woga. Nilikudanganya.

Siku ile hapakuwa na wateja. Nikachukua mkasi mdogo, nikapunguza ncha kama ulivyosema. Halafu nikaona tawi la kushoto limekaa ovyo, nikalinyoa. Lote, baba. Sikuacha hata jani moja. Nikajiambia litaota tu. Kazi yetu ndiyo imeniharibu: kila ninachonyoa hurudi baada ya wiki mbili. Nikasubiri. Jana nimekwaruza ganda kwa ukucha, ndani kukavu, kahawia tupu. Matawi mengine ni mazima.

Nilificha kwa sababu niliogopa ukijua utakata tamaa ulale. Kumbe uongo wangu ndio umekulaza. Mti siutaki. Duka silitaki. Nakutaka wewe hapa, unigombeze mbele ya wateja kama zamani. Nimekukumbuka mpaka naumwa.

Binti yako

30 Aprili

Shikamoo baba,

Wiki tatu kimya. Kaka anasema u mzima, nikimuuliza zaidi anacheka. Umenuna? Nitukane basi, ila andika.

Binti yako

6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nyonga inauma, lakini inauma nikiwa nimesimama.

Kinyozi gani wewe, unanyoa usichokijua! Boksiwudi ukilivua tawi majani yote, tawi hilo limekwenda. Mimi nililijua hilo mwaka wa pili, nilipolinyoa la kulia. Wewe ulidhani kwa nini upande wa kulia hauna tawi? Nilikwambia ni mtindo. Hata mama yako nilimwambia ni mtindo.

Siku mbili nilikasirika. Siku ya tatu nikamwita muuguzi, akaja na uso wa ushindi. Sikukuandikia kwa sababu sikutaka kukuahidi miguu nisiyokuwa nayo. Leo nimetoka chumbani mpaka getini na kurudi, kwa fimbo, mara mbili.

Usilikate tawi. Mimi la kulia nililikata upesi kwa aibu. Hili litachunwa ganda, lisuguliwe, libaki jeupe pale pale lilipo, kila mtu alione. Mmoja atashika chungu, mwingine achune. Peke yako huwezi, na mimi siwezi.

Kaka yako amekubali nirudi, baada ya ugomvi mrefu. Basi linafika Jumamosi ya tarehe kumi na saba, mchana. Njoo kituoni mwenyewe. Ukiona abiria wote wameshuka na mimi bado, usiogope. Nakuja, ila nakuja taratibu.

Baba yako