Mahali Aliposimama Renita

Logan, West Virginia
Jumatano asubuhi

Dada yangu mpenzi Verna,

Mimi mdogo wako nina miaka sabini na tisa. Mgodi ulinifukia mara mbili, na mara mbili nikatoka. Leo mgodi wenyewe umefungwa na mimi bado nakula. Nimewazika mbwa wanne, nimewazika madaktari wawili walioniambia niache sigara, na nimemzika mke wangu Opal, ingawa kwa huyo sijisifu.

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Lewisburg, goti limepoa, na yule paka wako mwenye kisirani hajakuangusha kwenye ngazi. Sisi huku hatujambo. Uvumilie mwandiko. Barua zote ulizopata miaka ile aliziandika Opal, mimi nilitia jina tu chini. Shule niliiacha darasa la sita na shule yenyewe haikulalamika. Simu nimeiinua mara tatu wiki hii nikupigie, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza habari za nyanya zako. Kwa hiyo naandika.

Unajua safari ni Jumamosi ya wiki ijayo, na tutakupitia hapo kwako. Darrell mwanangu ameshaweka nafasi kambini, karibu na Williamsburg, siku tano, mahali penye umeme na maji. Karatasi ya safari imebandikwa mlangoni mwa friji, na kila apitaye anaongeza kitu chake. Mkewe Renita ameandika maharage, unga wa mahindi na soseji. Wajukuu wameandika peremende mara nne, kwa rangi nne. Wanataka kuona jumba la gavana wa zamani, toka enzi Virginia ilipokuwa inatawaliwa kutoka mji ule, na wale watu wanaovaa nywele za bandia na kuwasha moto kwa jiwe. Boone, yule mdogo, ameuliza kama kweli kuna lile gogo la kubana shingo za wahalifu, na kama watambana babu. Mama yake akamjibu kuwa itategemea babu ameendeshaje.

Watu wote mezani wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

Maana dereva ni mimi, dada. Hilo halikujadiliwa. Gari-nyumba lile lina urefu wa futi thelathini na mbili, lina vitanda, jiko na choo, na nimeliendesha mpaka Florida na mpaka jangwani bila kukwaruza hata rangi. Darrell aliniambia kwa upole kwamba safari hii angeweza kushika usukani yeye, mimi nipumzike na kusimulia hadithi. Nikamwambia funguo atazitoa mfukoni mwangu siku atakayonivalisha suti ya mwisho. Akasema sawa Baba, ila kwa mwendo wako tutakuta nywele za bandia zimeota mvi. Ndiyo maneno yetu hapa.

Sasa nikueleze jambo la kurudi nyuma, maana hapo ndipo lilipo kila kitu. Gari kama lile halirudishwi nyuma na mtu mmoja. Mmoja anashika usukani, mwingine anasimama nyuma upande wa kushoto na kuongoza kwa mikono. Miaka thelathini na moja aliyesimama ni Opal. Alikuwa na sheria moja, na aliwafundisha wanawake wa kila kambi tuliyolala: msimamaji asimame mahali anapoiona sura ya dereva kwenye kioo cha pembeni. Ukiiona sura yake, naye anakuona. Usipoiona, hakuoni, na kama utakanyagwa kosa ni lako. Kambini hakuna anayebishana na sheria hiyo.

Baada ya Opal, Renita akaomba kazi hiyo. Jumapili mchana, watu walipokwisha kutawanyika, tukaenda kufanya mazoezi kwenye uwanja wa kanisa. Wajukuu walikuwa kwenye ngazi za kanisa na baba yao. Renita akasimama nyuma, akaweka kikombe chake cha kahawa cha bati chini karibu na mguu, akainua mikono. Nikatazama kioo cha kushoto. Nikaanza kurudi.

Nilisikia kofi la mkono kwenye ubavu wa gari, halafu kofi la pili, halafu Darrell akipaza sauti. Nikakanyaga breki. Niliposhuka, Renita alikuwa amekaa chini kwenye lami, kiwiko kinatoka damu, uso mweupe kama karatasi hii. Kikombe kilikuwa kimelala bapa chini ya gurudumu. Kutoka kikombe mpaka kiatu chake haipiti shibiri moja.

Darrell aliogopa, na mtu aliyeogopa huwa mkali. Akamgombeza mkewe mbele ya watoto, kwamba sheria ya Mama ni moja tu na hata hiyo imemshinda. Renita akasema, polepole, kwamba alikuwa kiooni.

"Nilikuwa naiona sura yako, Baba," akaniambia. "Nilidhani unanitazama."

Darrell akanigeukia. "Baba, ulimwona?"

Nami nikajibu, "Hakuwepo."

Dada, Renita alinitazama kidogo, kisha akatazama chini, akasema labda alisogea bila kujijua. Jioni ile akaniletea pai ya tufaha kuniomba radhi. Tangu hapo amechora alama ya chaki uani, na kila siku akitoka kazini anasimama juu yake na kufanya mazoezi ya mikono, huku wajukuu wanamtania kwamba mama yao anaongoza ndege. Anasimama pale peke yake, hakuna gari, anajifunza kitu anachokijua.

Jumatatu, walipokwenda kazini na shuleni, nilichukua ufagio nikauvika koti jekundu la Darrell, nikausimamisha pale pale anaposimama msimamaji. Nikakaa kwenye usukani nikatazama kiooni. Ukuta niliuona, mti niliuona. Katikati palikuwa na kitu kama moshi uliokataa kupaa. Nikafumba jicho la kulia. Koti likatoweka lote. Nikashuka nikaenda kulishika kwa mkono. Lilikuwepo. Nikarudi nikatazama tena, likatoweka tena.

Kwa hiyo Renita alikuwepo. Alisimama palipo sahihi kabisa, na mimi nilimtazama usoni nikaendelea kurudi nyuma. Jicho la kushoto limekufa, dada. Lilianza wakati wa theluji nikajiambia ni uchovu. Daktari wa macho amenipangia siku mara mbili, na mara mbili nimesema nina kazi. Kazi gani, mzee asiye na mgodi?

Ninaogopa. Neno hili sijawahi kuliandika, hata chini ya mawe sikulisema. Naogopa ule mlima wa Afton wenye ukungu tutakaoupita njiani, na wewe umekaa nyuma yangu na wajukuu wamelala. Naogopa kumwambia Darrell, maana leo ni funguo, kesho ni nyumba, keshokutwa ni chumba kwenye jengo lenye harufu ya dawa. Lakini kila nikifumba macho naona kile kikombe, na ninachoogopa zaidi ya vyote ni kwamba kama nisingeandika leo, Jumamosi ile ningeendesha. Najijua. Ningepiga honi mlangoni kwako na wewe ungepanda na sanduku lako.

Basi usipande gari ukiniona mimi kwenye usukani, hata nikikuapia. Nikibisha, nigombeze kama ulivyonigombeza mama alipofariki. Funguo nimeziweka juu ya karatasi hii ninapoandika, na sitazirudisha mfukoni. Darrell akitaka kuendesha, aendeshe. Akitaka kuvunja safari, wajukuu wanichukie mimi, si mama yao.

Nisalimie majirani zako, na mchungaji wako mwambie bado sijaokoka ila nimesogea. Paka mpe teke dogo kwa niaba yangu. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Harlan Stidham

Shahidi wa haya yote ni Renita, mke wa Darrell, ambaye anajua aliposimama. Bahasha sijaifunga. Nimeiacha na funguo juu ya meza ya jikoni, mahali anapoweka mkoba wake akirudi. Ataifunga yeye akishaisoma. Ikikufikia, ujue amesoma.