Aliyecheka Kwanza

Maskati

Dada yangu Zainabu,

Shikamoo. Hujambo wewe, na mguu wa mama unaendeleaje? Mimi mwili mzima, kazi ni ile ile: watoto wa tajiri, jiko, na kanzu za kupiga pasi zisizokwisha. Barua hii nampa mwenzangu anayerudi Malindi, kwa kuwa kwenye simu nimejaribu kukwambia haya na kila mara nimeishia kuuliza bei ya unga.

Uliponipigia ukasema Salma aondoke kwako aende kwa babake Magarini, sikukulaumu. Umemlea mwanangu kama wako, amelala chumba kimoja na Rukia wako tangu nilipoondoka, kisha akamwanika mwenziwe kwa video mbele ya shule nzima. Rukia haendi shule, hali vizuri, na wenzake wanamwita Sakafu. Nilikujibu kwamba simu imemlevya Salma, na ni kweli. Tangu mdogo anapenda kutazamwa, na siku hizi akiishika hasikii adhana wala jina lake. Nilipomwambia aifute ile video alilia, akasema, "Lakini mama, watu wameipenda." Ila sikukwambia yote.

Unakumbuka kwenye kesha la harusi ya mdogo wetu simu ziliachwa mlangoni, kikapuni, ili wanawake wacheze kwa raha zao. Salma aliingiza yake ndani ya buibui. Mimi ndiye niliyemtuma. Hamu ya harusi ile ilinizidi, nikamwambia, "Nichukulie japo kidogo, mamangu, nani atajua?" Akanitumia video ya Rukia akicheza, akateleza, akakalia sinia la halua. Dada, nilicheka. Nikamrudishia sauti yangu: "Jamani, mwambieni huyo apunguze, sakafu ya watu itabomoka."

Nikasahau. Juzi tukitoa taka, mfanyakazi wa nyumba ya pili, mwanamke wa Mnarani, akanipa simu yake. "Hebu tazama vituko vya kwetu," akasema. Alikuwa Rukia, na juu ya picha mwanamke anacheka na kutaja sakafu. Salma alikuwa ameibandika sauti yangu pale. Yule mwenzangu hakuitambua, akacheka. Mimi nikarudi ndani na ndoo ya taka mkononi.

Wewe ulikataa kuitazama, ukasema hutaki kumwona mwanao akichekwa, ndiyo maana hujui. Jina wanalomwita nimempa mimi. Nilikuacha umgombeze Salma peke yake huku nakuitikia, na naona haya kuliko nilivyowahi kuona. Mnyang'anye simu, umkanye, umwadhibu utakavyo, ana makosa yake. Lakini kucheka alinifuata mimi. Nakuomba usimtoe nyumbani, na kama kuna wa kufungiwa mlango, nifungie mimi nitakaporudi.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya mguu nimeipata. Msalimie shemeji, na bi harusi wetu mwambie namuomba radhi kwa kesha lake.

Rukia usimpe salamu zangu. Sauti yangu anaijua, mimi ndiye niliyekuwa nikimbembeleza alipokuwa mchanga. Aliisikia siku ya kwanza na hajakwambia. Mwambie nimesema mwenyewe, asiendelee kunificha.

Mdogo wako,
Mwanahawa