Jibu Nililompa Daktari

Mdogo wangu Editha,

Jumapili baada ya misa ukoo unakutana nyumbani kwa baba. Wanasema ulirogwa, na mchawi wamekwisha kumpata: mama yake Joeli, yule mama wa Makere ambaye angekuwa mama mkwe wako. Baba mdogo ameapa kwamba atamhamisha, kwa hiari yake au kwa nguvu. Vijana wanamsikiliza, na mimi nawaogopa. Nakuandikia kwa sababu najua mama huyo hakumroga mtu.

Unakumbuka alivyokuja dukani kwangu siku ya kujaribu gauni la sendofu? Nilikuwa nimelipunguza kwa mara ya tatu, nami najisifu kama vile kukonda kwako ni kazi ya cherehani yangu. Alikushika mkono, akakutazama sana. "Mwana wanje, mwanangu, mbona unakwisha hivi? Unakula kweli?" Ukacheka. Mimi nikamkata jicho, nikasema bi harusi haruhusiwi kunenepa. Leo maneno yale ndiyo ushahidi wao, eti alikuwa anakupima. Mtu pekee aliyeiona hatari ndiye amegeuzwa mchawi.

Kile kikopo cha vidonge nilikichukua mimi. Tulikuwa saluni, unalalamikia tumbo lako ambalo halikuwa na kosa lolote, na yule dada wa kusuka akakitoa mkobani. "Siyo dawa hii, msiogope. Ni kirutubisho tu, mitishamba mitupu." Wewe ulisita. Vidonge viwili kila asubuhi, na njaa ikakukimbia. Ukaacha maharage ya mawese uliyokuwa ukiyagombania na kaka zetu, ukabaki na kahawa chungu ya shambani kwa baba, vikombe vitatu, vinne. Ulikuwa unafua, unadeki, unaongea bila kituo. Mikono ilikutetemeka ukitunga uzi kwenye sindano. "Dada, moyo unanienda mbio," uliniambia. Nikakujibu kwamba moyo wa bi harusi hauwezi kutulia. Nilijiona mjanja sana.

Kisha ukaanguka bombani, ndoo ikiwa bado kichwani. Yule daktari mgeni, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya, aliuliza taratibu: "Kuna dawa yoyote anatumia?" Ulinitazama, Editha. Ulikuwa unasubiri nikuambie useme nini. Nikajibu mimi: "Hapana, daktari, hatumii dawa yoyote." Sikuona kama nadanganya. Dawa ni ya mgonjwa, na ile tuliambiwa siyo dawa. Lakini basi kwa nini nilikuwa nimekificha kikopo chini ya vitenge vya wateja? Daktari akasema upumzike, unywe maji, urudi baada ya siku chache. Siku mbili baadaye ulianguka tena, mchana, na hukuinuka.

Wiki iliyopita nilimpelekea daktari kikopo. Alikisoma pande zote. Akasema vidonge vya namna hii mara nyingine hutiwa vichangamsho visivyoandikwa popote, vinausukuma moyo, na kahawa inazidi kuukimbiza. Bila kuvipima hawezi kuapa kwamba ndivyo vilivyokuua. "Lakini mngeniambia, nisingemruhusu aende nyumbani." Naisikia sauti yake kila nikikaa kushona. Najichukia, mdogo wangu. Nilipita saluni nikamsimulia yule dada, akasema wengine wote wako salama, akaendelea kusuka.

Jana nilikwenda Makere. Mama yake Joeli alikuwa amejifungia ndani mchana kweupe. Mtu amemkatia migomba yote, hakuacha hata mmoja. Majirani walinitazama kama ninayekuja kumalizia. Nilisimama barabarani, nikashindwa kubisha hodi.

Kwa hiyo Jumapili nitaisoma barua hii mbele yao, yote, kuanzia jina lako. Baba mdogo atafanya atakalo, na hilo nitalibeba. Ninayemwogopa ni mama yetu. Tangu tukuzike hakai mahali bila kunishika mkono. "Namshukuru Mungu, ameniachia wewe," anasema, mbele ya wageni, mbele ya padri. Na Jumapili atakaa karibu yangu, mkono wangu ndani ya wake, na mimi nitaanza kusoma. Sijui nitafika mstari wa ngapi kabla hajauachia mkono wangu.

Pumzika, Editha.

Ni mimi, dada yako.