Vidonge Alivyoviona Mama

Mpendwa Atupele,

Ugonile, mjukuu wangu. Huku Ipyana tu wazima. Babu yako anakausha kakao na kugombana na kuku. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kama unaruhusiwa kukomunika, kupokea Ekaristi, huku unameza vidonge ulivyoandikiwa na daktari, kwa sababu hedhi yako haina mpangilio. Nami niliuliza hivyo miaka ile ya ruksa, mwishoni mwa themanini, kabla sijaolewa. Siku zangu zilipotea hata miezi miwili, na zikija, zinamaliza wiki tatu. Daktari akanipa vidonge vya majira, vile vya kuzuia mimba. Mama alipoviona, alilia kwamba Kanisa limevikataza. Jumapili tatu nilibaki kwenye benchi wenzangu wakienda kukomunika, na kanisa zima likaniangalia tumbo.

Mwishowe mama mwenyewe akanishika mkono hadi kwa padre.

"Unavimeza ili iweje?" padre akauliza.

"Damu ikae sawa, Baba."

"Basi hiyo ni dawa. Kanisa halimkatazi mgonjwa kutibiwa."

Tulipofika nyumbani mama alinimiminia maji, akavileta vidonge kwa mkono wake, akasema, "Meza, mwanangu. Nisamehe." Sikuwahi kumsikia akimwomba mtoto msamaha kabla ya siku ile, wala baadaye.

Kamuulize padre wako bila woga, mama. Ukishindwa kusema, nipigie ukiwa mbele yake, niongee naye mimi.

Akupendaye sana,
Bibi yako