Wa Kwanza Saa Sita

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeshinda. Saa sita kamili mchana, sekunde ya pili, simu yangu ndiyo iliyofungua ukurasa kwanza. Kiswahili. Kwa hiyo mpaka kesho saa sita kila atakayefungua atapewa Kiswahili, apende asipende. Na Mama pia.

Niandike jinsi mambo yalivyo, labda nikiyaona kwenye karatasi nitajua pa kuyashika. Kliniki yetu ya figo ina mashine tisa za kusafisha damu, mbili mbovu, na wagonjwa hamsini na kitu. Kila siku Daktari anapanga upya: nani aje saa ngapi, nani anywe vikombe vingapi vya maji, nani aache dawa ipi. Majina hayatajwi, ni namba tu. Mimi naandika kwa Kiswahili, mwenzangu wa ghorofa ya pili kwa Kifaransa, na saa sita ukurasa unatoka. Simu ya mgonjwa ikibisha hodi inajieleza yenyewe: mwenye simu anapenda Kiswahili, kikikosekana basi Kifaransa. Seva inasikiliza, inachagua. Inachagua vizuri, niliipanga mwenyewe.

Shida ni mashine ya nakala iliyowekwa mbele ya seva. Kazi yake ni kupunguza mzigo. Anayefungua wa kwanza anafikishwa kwa seva. Mashine inahifadhi alichopewa, na wote wanaomfuata wanapewa nakala ileile. Lugha haiulizi. Kitufe cha kubadili lugha mkandarasi alikitoa, eti kinachafua ukurasa. Dawa yake ni mstari mmoja wa mipangilio: weka nakala ya kila lugha peke yake. Mstari mmoja!

Nimeomba ruhusa mara nne. Mkurugenzi — mimi namwita Bwana Utaratibu — anasema mashine ni ya mkandarasi, mkataba una mgogoro, haiguswi mpaka Juni. Fundi wa kabla yangu aliigusa, akazima mtandao wa hospitali nusu siku. Alifukuzwa kabla ya chai.

Basi kila siku saa sita naikodolea macho saa ya ukutani, kidole juu ya simu. Mtu mzima na akili zake.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshindwa. Sekunde moja tu. Kifaransa.

Mama ni namba 41. Leo aliandikiwa asije, mashine yake inatengenezwa, apumzike, maji vikombe viwili tu. Niliandika mwenyewe, tena nikaongeza "tafadhali", ambayo Daktari hakuiandika. Mama akafungua, akaona 41, na mbele yake maneno asiyoyajua. Kwa hiyo akaja kama kawaida yake. Nimemwona kupitia dirisha la ngazi, amekaa kwenye benchi la kijani, mkoba mapajani, saa nne nzima. Amevimba miguu. Viatu amevikanyaga visigino.

Sikushuka.

Mtu angesema: mpigie mama yako umsomee, si basi? Hapokei. Miezi saba sasa. Nilipimwa figo, nikafaa. Nikasema nitatoa. Asubuhi ya upasuaji nikaoga, nikafunga mlango, nikafika kituoni, nikakaa. Magari sita yalipita. Mama alikuwa ameshavalishwa gauni la upasuaji na kulazwa kitandani, anauliza kama nimefika. Mama hakunigombeza. Dada ndiye aliyenipigia akasema nisikanyage kwake, Mama anahamia huko, na namba yangu ameifuta kwenye simu ya Mama. Ile simu niliyoinunua mimi, nikaiwekea Kiswahili mimi.

Mama hajui kwamba ukurasa nauandika mimi. Hayo ndiyo maneno yangu pekee yanayoingia nyumbani kwao. Vikombe viwili. Njoo saa mbili. Acha chumvi.

Alhamisi, 6 Machi

Jana nilishindwa. Leo nimeshindwa. Nimechungulia orodha ya waliofungua. Kuna mtu! Kila siku saa sita kamili, kwa wifi ya hapahapa hospitali, simu iliyowekwa Kifaransa. Hiyo si bahati. Mtu huyo anajua.

Namchukia. Sijui hata ni mwanamume au mwanamke, namchukia. Nimekula chakula changu kwa hasira mpaka nikajing'ata ulimi.

Nimekwenda kuazima chaja kwa jirani yangu wa chumba cha kufulia, yule ninayemwita Mama Povu kwa sababu mikono yake haikauki. Ukuta mmoja tu unatutenganisha. Mashine zake zikizungusha mashuka, meza yangu nayo inatetemeka. Ameniuliza nina nini, uso umenishuka. Nikasema kazi. Akasema kazi haijawahi kumuua mtu, ila humwacha nusu. Nimecheka kidogo. Kiswahili chake kina lafudhi, lakini maneno hayampigi chenga.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshinda! Na Ijumaa ndiyo yenyewe. Mwisho wa wiki ukurasa haubadiliki, nakala ya leo inakaa siku tatu. Siku tatu Mama atasoma. Nimekaa sakafuni nikalia kama mtoto, kwa furaha, naapa ni kwa furaha.

Niliwahi kwa hila. Niliweka simu mbili na kompyuta.

Jumatatu, 10 Machi

Namba 22.

Ameletwa alfajiri amebebwa na shemeji zake. Maji yamejaa mapafuni. Yuko chumba cha mahututi.

Ijumaa niliandika hivi, maneno ninayo hapa: "Namba 22: njoo LEO saa kumi jioni, usisubiri Jumatatu." Kwa herufi kubwa, ili asipitwe. Yeye anasoma Kifaransa. Kifaransa kilikuwepo ndani ya seva, kimeandikwa vizuri, kinamngoja. Alipofungua akapewa changu.

Nimetazama orodha. Simu yake, naitambua kwa aina yake, ilifungua ukurasa ule mara kumi na moja. Ijumaa mara nne. Jumamosi mara tano. Jumapili mara mbili. Kila mara mashine inampa kilekile. Alikuwa anasubiri kibadilike.

Kifo chake kikija, nitamwambia nani? Bwana Utaratibu ataniuliza nani aligusa mashine. Hakuna aliyegusa. Utaratibu umefuatwa.

Leo sikukimbia. Saa sita nilikaa nimekunja mikono, nikaacha. Kifaransa. Mama naye leo hakuelewa kitu. Nikifanya, naua, nisipofanya, naua. Maji yamenifika shingoni.

Jumanne, 11 Machi

Nimemjua.

Dakika tano kabla ya saa sita mashine za jirani zilinyamaza. Nikagundua kwamba hunyamaza kila siku saa hiyo, na kila siku nilidhani ni mapumziko ya chakula. Nikaenda. Mama Povu amesimama katikati ya mashuka, anafuta mikono kwenye gauni lake kwa haraka, simu kaiegemeza kwenye ndoo, macho kwenye saa. Saa sita. Akabonyeza. Akashusha pumzi. Kisha akaniona mlangoni.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilitaka kumpigia kelele. Nikamuuliza tu: "Nani mgonjwa?"

"Mume wangu. Kumi na saba."

"Nani alikufundisha hivi?"

"Nani anifundishe, fundi? Nimetazama tu. Anayewahi, kinatoka cha kwao. Kama foleni ya maji. Ukichelewa unakinga matope ya mwenzio."

Mwezi mzima alitazama, akaujua ugonjwa wa mashine ambao mkandarasi hajautambua kwa mwaka. Akaniambia kuna mchawi upande wa pili, anamshinda siku nyingine, Ijumaa hasa, na kila siku anamwomba Mungu amvunje vidole.

Nikamwambia mchawi ni mimi.

Akachukua shuka, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akauliza na mimi mgonjwa wangu ni nani. Nikamwambia yote, mpaka kituo na magari sita. Sijawahi kumwambia mtu. Hakusema pole. Alisema, "Wote wawili tunaiba, dada. Tena tunawaibia wasiojua kama kuna mbio."

Jumatano, 12 Machi

Tumepatana. Kiswahili kusoma hajui, kusikia anasikia. Kwa hiyo mimi niwahi, kisha nimsomee mstari wa mumewe kwa mdomo. Leo tumefanya hivyo. Vikombe vitatu, aje saa nane. Amerudia kama sala.

Kisha akauliza: "Na hao wengine ishirini nani atawasomea?"

Namba 22 bado hajafumbua macho.

Alhamisi, 13 Machi

Daktari ameniita. Nilidhani amejua. Kumbe ni Mama. Anasema damu yake haisafiki tena vizuri, mashine zinamchosha, amebakiza mwezi, labda miwili. Nafasi ya upasuaji ipo Alhamisi ijayo. Figo langu bado linafaa, karatasi bado zipo. Alikuwa anachezea kalamu, hanitazami.

Nikamuuliza kama Mama ameambiwa. Akasema hapana, na yeye hatamwambia. "Mara ya kwanza nilimwambia mimi. Nikakaa naye mpaka saa tano akiuliza umefika wapi. Safari hii mwambie mwenyewe. Mpaka kesho jioni awe amekubali kwa kinywa chake, la sivyo nafasi nampa mwingine."

Nimempigia Mama. Haipokelewi. Nimempigia Dada. Imekatwa. Jioni nimekwenda mpaka getini kwao. Dada akatoka na kanga begani, akasikiliza neno moja tu, akasema nisimtie Mama tumaini la pili, lile la kwanza lilimlaza wiki tatu. Akafunga. Hana makosa. Ningekuwa yeye ningefunga pia, tena kwa kufuli.

Ninaogopa kisu. Niandike wazi. Bado naogopa kama siku ile. Lakini nimeweka sahihi.

Kesho si zamu ya Mama kuja kliniki. Mlango uliobaki kwake ni mmoja, nao unafunguka saa sita.

Ijumaa, 14 Machi

Saa nne. Nimeandika ukurasa. Mstari wa Mama ni huu: "Namba 41: njoo leo saa tisa, Daktari anataka jibu lako. Upasuaji ni Alhamisi. Nimeweka sahihi. Safari hii nitakuja, Mama." Kifaransa chake kinasema tu aje saa tisa. Akipewa Kifaransa leo hataona kitu, na Jumamosi hataona, na Jumapili.

Ningeweza kukimbia. Simu mbili na kompyuta, na Mama Povu pembeni yangu, hakuna wa kutushinda. Ijumaa yote, siku tatu, Kiswahili kitupu. Kisha nimsubiri namba 22 mwingine Jumatatu alfajiri.

Saa tano na nusu. Nywila ya mkandarasi imebandikwa chini ya sanduku la mashine, kwa gundi, tangu mwaka juzi. Siri ya kila mtu. Mipangilio ikiguswa, Bwana Utaratibu anapata ujumbe papo hapo kwenye simu yake. Nikifukuzwa sitaandika ukurasa tena. Vikombe viwili ataambiwa na mtu mwingine.

Saa tano na dakika arobaini na nane. Nimeandika ule mstari wa mipangilio. Nimeusoma mara tatu. Mama Povu amekuja na ndoo yake, ameigeuza, amekalia. Ameniuliza kama nina uhakika. Nikasema sina. Akasema basi bonyeza kabla hujaupata.

Nimebonyeza.

Mashine imezima. Taa zote. Imekaa hivyo dakika nne nzima, na mimi nimekaa vilevile. Simu ya mezani imeanza kulia. Nimeiacha ilie.

Saa tano na dakika hamsini na saba. Taa zimerudi.

Saa sita. Tumebonyeza pamoja, simu mbili juu ya meza moja. Yangu Kiswahili. Yake inazunguka, inazunguka — Kifaransa! Tumezifunga, tumebadilishana mikono, tumefungua tena. Kiswahili. Kifaransa. Kila mmoja na chake. Mama Povu amejifunika uso kwa aproni. Mashuka yamelowa kule, hajali.

Saa sita na dakika sita. Wanaingia. Naona orodha ikishuka: Kifaransa, Kiswahili, Kiswahili, Kifaransa. Simu ya namba 22 imo. Sijui ameishika nani. Amepewa Kifaransa.

Saa sita na dakika tisa. Simu ya Mama. Ile ya zamani, hakuna nyingine ya aina hiyo kwenye orodha. Imepewa Kiswahili.

Viatu vya mkurugenzi kwenye ngazi. Navijua, vina chuma kisiginoni.

Saa sita na dakika kumi. Simu ya Mama imefungua tena.

Kumi na mbili. Tena.

Mlango unagongwa. Mama Povu amesimama, ameweka mgongo kwenye kitasa, anasema kwa sauti kwamba sakafu imelowa, Bwana asubiri kidogo ikauke.

Simu ya Mama, mara ya nne.